Kumrudisha Dani Kinanda Mghange

Tangu nirudi Mombasa sina raha. Nikikaa kwa kinyozi, "Salimu, ilikuwaje?" Nikitoka msikitini hata viatu sijavaa, "Salimu, Dani yu wapi?" Juzi Faraji wa saksafoni kanishika mkono mbele ya duka la mikate, akaapa haniachi mpaka nimweleze yote, na mikate yangu inapoa. Basi nimekaa chini niandike mara moja tu. Pokezaneni karatasi hizi, kisha mniache ninywe kahawa yangu kwa amani. Habari za tikiti na vibali siandiki, kila mtu anazijua na kila mtu zimemchosha. Nitawaandikia njia na watu wake.

Kwa mliojiunga na bendi majuzi, Dani Kinanda ni Danieli Mwadime, Mtaita wa Mghange, aliyekuwa akipiga piano pale baa ya Kilindini, nami nikimpigia ngoma. Alianza utotoni na kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu, maana babake, Mzee Yeremia, ni mwinjilisti. Wakati wa vita alishuka bandarini kutafuta kazi, akakutana na mpishi wa meli, Mmarekani mweusi, ambaye meli yake iliharibika ikakaa gatini miezi na miezi. Huyo ndiye aliyemfundisha bluzi kwenye piano ya mabaharia. Mkono wa kushoto unatembea polepole, haukimbii hata ukifukuzwa, na wa kulia unalalamika juu yake. Vita vilipokwisha Dani akaenda Voi, akapata kazi ya kupiga piano katika hoteli ya Mgoa mmoja karibu na stesheni. Wafanyakazi wa reli na wa mashamba ya mkonge hawakuruhusiwa kuingia ndani, basi walikuwa wakisimama nje ya dirisha na magitaa yao, wakimsikiliza mpaka anafunga.

Kisha mamake akafariki. Dani alipanda Mghange kumzika, akaketi kwenye kinanda cha kanisa, akaupiga wimbo wa maziko kwa mwendo wa bluzi. Mzee Yeremia alisimama mbele ya watu wote akafunga kifuniko cha kinanda, vidole vya mwanawe vikiwa bado humo. Akasema, "Umeleta baa juu ya maiti ya mama yako." Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Voi ikawa karibu mno na kwao, na Dani akaja kwetu pwani. Mliokuwapo mnakumbuka jinsi alivyokuwa akijipigia wimbo ule mchana kabla wateja hawajaja, na kila alipofika mahali fulani akaacha, akafunga piano, akaomba chai. Sikuwahi kuusikia mwisho wake.

Mnajua pia kifua kilivyomwanza. Mwaka huu daktari alimwambia waziwazi aende akakae na watu wake. Akaniita chumbani.

"Salimu, nipeleke kwa baba," akasema. "Kwetu hasira ya mzazi isipotolewa, inabaki mwilini mwa mtoto. Nataka aitoe nami nikiwa hai, niione ikitoka."

Nikamwambia mzee atamsamehe tu, nani asiyemsamehe mgonjwa.

"Kusamehe ni maneno," akanijibu. "Mimi nataka itolewe."

Sikumwelewa, na mimi nisipoelewa hujibu "naam". Nikasema naam.

Gari la moshi hadi Voi

Tulipanda gari la asubuhi, lile linalochanganya mizigo na abiria na kusimama kila penye tangi la maji. Behewa letu lilijaa hadi mlangoni. Mama mmoja wa Kirabai alipomwona Dani akikohoa, aliinuka kwenye benchi bila kuombwa, akakaa chini juu ya kikapu chake ili mgonjwa ajinyooshe.

"Ni nani wako huyu?" akaniuliza.

"Ndugu yangu, mama."

"Wewe Mswahili, yeye Mtaita?"

"Tumezaliwa baa moja," nikasema.

Hakucheka. Alimenya embe bichi, akalitia chumvi na pilipili, akanipa nusu, na nusu nyingine akampa Dani aliyeweza kulamba chumvi tu. Nikala nusu zote mbili, na midomo ikaniwasha hadi Samburu.

Kabla ya Mackinnon Road tuliwekwa kando ya njia tusubiri gari jingine lipite. Tulisubiri mpaka jua likawa utosini na maji ya chupa yetu yakawa ya kuogea. Watu walishuka, wakapanda, wakamtukana dereva, wakachoka kumtukana. Hatimaye gari likaja kutoka juu, taratibu, madirisha yake yote yamezibwa kwa waya, askari wamesimama milangoni. Nyakati hizi za Hali ya Hatari hakuna haja ya kuuliza ni mahabusu gani waliomo. Mama Mrabai alijifunika kanga usoni. Wengine wakawavuta watoto wao kutoka madirishani.

Ndani ya behewa mojawapo la waya kulikuwa na watu wanaimba. Waliimba chini chini, kwa lugha ya bara nisiyoijua, mmoja akivuta na wengine wakimpokea. Nilimwona Dani ameinuka kwa kiwiko. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye ubao wa dirisha na vidole vinatembea.

Gari lilipokwisha kupita akasema, "Umesikia, Salimu? Hao hawakufundishwa na mpishi wa meli."

Nilimwambia alale asijichoshe. 

Voi

Voi tulifika alasiri, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nina shangazi pale, Bi Zuhura, binamu wa marehemu baba, anauza mahamri karibu na stesheni. Lakini Dani alikataa kwenda kupumzika kabla hajapita hotelini kwa Mgoa wake. Nikamshika kwapani tukaenda hatua kwa hatua.

Mgoa alishauza na kuondoka zamani. Piano ilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya unga, na juu yake kreti za soda.

"Hiyo?" akasema mhudumu. "Mchwa walimaliza hiyo kitambo. Sisi tunawekea kreti tu."

Dani aliinua kifuniko akabonyeza mahali pamoja. Ukatoka mlio wa ubao mtupu. Akabonyeza pengine, vilevile. Akakirudisha kifuniko polepole kwa mikono miwili, akamshukuru mhudumu kana kwamba ameonyeshwa kaburi. Mimi nilitamani kumpiga mtu, lakini mhudumu hakuwa na kosa na mchwa hawakuwapo.

Bi Zuhura alitupa mahamri na mbaazi za nazi, akamlaza Dani barazani apate upepo. "Mwanangu, mwili huu umebaki koti," akaninong'oneza. Jioni ile ile vijana wa reli walikuja kwenye uwanja mbele ya nyumba na magitaa mawili, kama inavyoelekea ni desturi yao. Mwenye sauti kati yao alikuwa Mutua, kijana wa Kikamba anayefanya kazi ya kuunganisha mabehewa. Wakaanza kupiga.

Jamani, nilisimamisha hamri njiani kuelekea mdomoni. Kidole gumba cha Mutua, kwenye nyuzi nene za gitaa, kilikuwa kinatembea mwendo wa mkono wa kushoto wa Dani. Ule ule. Haukimbii. Hata pale Dani anapochelewa kidogo kurudi, kijana naye anachelewa, na wenzake wanamsubiri bila kushangaa.

Mutua akaona tunavyomkodolea macho. "Wee mzee, umependa ngita?" akamwambia Dani, maana ugonjwa umemzeesha. "Hii ni staili ya Voi. Watu ya Mombasa hawawezi hii, wanaharakisha sana."

"Nani aliianza?" Dani akauliza.

"Haikuanzwa na mtu. Ni ya hapa tu. Sisi tulikuta iko."

Nilifungua mdomo. Dani akanibana goti kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Vijana walipoondoka nikamuuliza kwa hasira kwa nini ananiziba mdomo, kijana anamfundisha mwenye mali mali yake.

"Ukiwaambia ni yangu," akasema, "wataanza kuipiga kwa heshima. Ikipigwa kwa heshima itakufa. Niahidi hutawaambia."

Niliahidi. Nyinyi mnaonijua mnajua ahadi ya kunyamaza inavyonigharimu.

Lori la Wundanyi

Kutoka Voi tulipata lori linaloshusha mboga kutoka milimani na kurudi na chumvi, sukari na mabati. Dereva alimweka Dani mbele karibu naye. Mimi nikakaa nyuma juu ya mabati, na mambo niliyoyajua kuhusu makalio yangu siku hiyo sikuyajua katika maisha yangu yote. Kabla ya kufika Mwatate springi ikakatika, lori likainama upande mmoja.

"Springi itatoka Voi," dereva akasema.

"Leo?"

"Itakuja."

"Kesho?"

"Itakuja, ndugu," akasema, akajilaza chini ya lori akafunika uso kwa kofia.

Mama mmoja wa pale jirani, Mama Righa, alituona tumekaa juani akatuita kwake. Akaniletea kimanga, chakula chao cha maharagwe yaliyopondwa na muhogo, kilima kizima katika bakuli. Mimi nikadhani ni cha lori lote. Nikachota kidogo kwa adabu, nikalisukuma bakuli kwa dereva, naye akalirudisha haraka kama limeshika moto. Mama akasimama mikono kiunoni.

"Mgeni hapendi chakula yangu?"

Kumbe kilima kile kilikuwa changu peke yangu, na kila mtu alikuwa na chake kinakuja. Basi nilikula mpaka nikashindwa kupumua, nikaomba maji, nikala tena, mpaka mama akaketi na uso ukamlainika. Kimanga ni kitamu, nawaambia, lakini kinataka mtu asiye na safari.

Mama alimgeukia Dani akamuuliza kwa Kitaita ni mtoto wa nani. Alipojibiwa akanigeukia mimi, akaniambia kwa Kiswahili, "Mzee Yeremia wa Mghange? Yule mkali? Huyo amefukuza kanisani watu wengi kwa ajili ya mila." Akatuachia mkeka tulale barazani kwake, maana springi haikuja.

Nikamuuliza Dani mama ana maana gani. Alikuwa amelalia ubavu, anatazama mlima.

"Ninachokwenda kukiomba kwa baba," akasema, "ndicho anachokikataza yeye mwenyewe madhabahuni tangu mimi sijazaliwa. Anasema ni ushenzi. Akinifanyia, atakuwa amejivunjia jina lake. Asiponifanyia, nitakwenda na hasira yake."

"Hawezi kukuombea tu, yaishe?"

"Ananiombea kila Jumapili, dada yangu amesema. Na hasira bado anayo."

Hapo tena nilipaswa kuuliza ni jambo gani hasa. Lakini alikuwa ameshafumba macho, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumchukia mzee yule ambaye sijamwona.

Kupanda Mghange

Springi ilikuja, na kesho yake tukawa Wundanyi. Msinicheke, mimi mtu wa pwani nilitetemeka mchana kweupe. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya soko kama hauna kwao. Mkawasi, dada yake Dani, alikuwa amepata habari na kushuka na wanaume wanne na machela. Alimshika kakake usoni kwa mikono miwili. Kisha akaniona nilivyo na shati jepesi akanitupia blanketi lake.

"Kaka Salimu, utakufa wewe kabla yake," akasema. Hapo nikajua ni dada yake kweli, maana utani wa Dani ndio huo huo.

Njia inapanda na kupinda, mashamba yamekatwa ngazi ngazi, migomba, mahindi, na chini kwenye vijito kijani cha miwa. Wabebaji walitangulia. Mimi nilikuwa nyuma nahema, nikijifanya natazama mandhari.

Kwenye kona moja tulisikia watu wanaimba. Kulikuwa na maziko katika boma la chini ya njia. Wabebaji walisimama, wakavua kofia, wakateremsha machela, kama wanavyofanya kwa heshima ya maiti. Wanawake ndio walioongoza. Niliutambua wimbo kabla sijaelewa nimeutambua. Ulikuwa ule wa Dani, ule wa mchana kabla wateja hawajaja, na walikuwa wanauimba kwa mwendo wake, wakiuvuta, wakichelewa pale anapochelewa, sauti ikipinda kidogo kabla ya kushuka.

Dani alijaribu kuinuka. "Nani aliwafundisha?"

"Ni wewe," Mkawasi akasema. "Uliupiga siku moja tu. Baba akafunga kinanda, lakini akina mama walikuwa wamesikia tayari. Tangu hapo huku hatuziki mtu kwa namna nyingine."

"Na baba?"

"Baba husoma maneno yake, halafu ananyamaza. Wimbo huo haimbi."

Dani akajifunika blanketi usoni na machela yakatikisika. Alikuwa analia, na mimi nikalia, na mbebaji mmoja ambaye hakumjua hata marehemu wa pale chini akalia naye. Dani alikuwa amepiga Voi miaka, kwetu Kilindini miaka, mabaharia wakimrushia sigara, na kumbe kule kwao alikokimbia ndiko walikomshika zaidi. Tulisubiri wakamaliza, tukaendelea.

Uani kwa Mzee Yeremia

Mzee Yeremia alikuwa ameketi mlangoni, koti jeusi, Biblia magotini. Hakuinuka. Mimi alinisalimu vizuri na kuagiza niletewe kigoda na uji wa moto. Machela yalipowekwa mbele yake alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Umefika."

"Nimefika, baba."

Basi. Hayo tu. Ndani yangu nikasema, mzee huyu ana jiwe moyoni.

Siku zilizofuata walikuja wazee wa kanisa wawili kuomba, asubuhi na jioni. Dani alikuwa akiitikia amina, na chakula kikirudi kama kilivyokwenda. Mkawasi aliniambia, "Anangoja." Nilidhani anangoja kifo.

Asubuhi moja jua lilitoka, tukamtoa Dani uani. Wazee wote wawili wa kanisa walikuwapo. Dani akamwomba babake jambo kwa Kitaita, mbele yao, kwa maneno machache na pumzi nyingi. Mzee mmoja aligeuka ghafla. Mzee Yeremia aliinuka, akachukua panga, akaondoka kuelekea bondeni.

Mimi nikaona basi, amemkimbia mwanawe. Kila nilichokuwa nimekizuia tangu Mwatate kikapanda kifuani. Mkawasi alikuwa amekwenda jikoni kuchukua kinu, na hakuna mwingine wa kunieleza.

Mzee akarudi na muwa begani. Ukamenywa, ukatwangwa, maji yake yakakamuliwa ndani ya kata. Mzee wa kanisa yule aliyegeuka akavaa kofia, akatoka nje ya boma bila kuaga. Mzee Yeremia alimtazama akienda. Kisha akainama juu ya mwanawe, akanong'ona kitu, akajaza mdomo kwa maji ya muwa, na kumpulizia Dani kifuani, pfuu, yakamrukia mpaka shingoni.

Niliona mtu anamtemea mate mwanawe anayekufa. Hicho ndicho nilichokiona, na Mungu ananijua. Niliruka, nikamshika mzee mkono, kata ikaanguka, maji yakamwagika.

"Unamtemea mgonjwa?" nikapiga kelele. "Mwanao! Huna haya?"

 Mkawasi alikuja mbio kutoka jikoni. "Kaka Salimu, mwache! Hiyo ni kutasa! Anatema hasira yake! Hicho ndicho Dani alichokuja kuomba!"

Niliachia mkono wa mzee. Nilimtazama Dani, naye alikuwa amefumba macho, uso umelowa, na sijawahi kuona uso uliokata tamaa namna ile. Ningeweza kuingia ardhini ningeingia. Mimi ndiye niliyembeba njia yote hiyo, na mimi ndiye niliyeikata njia yake mlangoni.

Mzee Yeremia alijipangusa koti. Nilijua atanifukuza, na nisingebisha. Lakini alinitazama bila ukali wowote, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyekosea hesabu.

"Mgeni," akasema, "tangu uingie kwangu umenikasirikia. Nimeiona. Hasira ikikaa ndani ya boma, ya mwingine haitoki. Lazima tuanze tena, na utaanza wewe."

Muwa ukatwangwa upya. Niliuliza kama maji yale si pombe. Nikauliza tena.

"Pombe sijaionja tangu nibatizwe," mzee akasema, "na wewe hutaionjea kwangu. Sema ulicho nacho moyoni, kisha kiteme."

Mbele ya watu wale wote, na blanketi la mwanamke mabegani, nikasema. "Mzee, mwanao kwetu hujipigia wimbo wa mamake, na kila akifika pale ulipofunga kifuniko huacha. Miaka yote hii hajaumaliza. Nimekukasirikia kwa ajili ya hicho kipande cha wimbo ambacho sijakisikia. Naitoa." Nikajaza mdomo, nikapuliza. Mtu asiyezoea hajui. Nusu yalinipalia, nusu yakaenda moja kwa moja kwenye kofia ya yule mzee wa kanisa aliyebaki. Watu wakacheka. Dani naye akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Ndipo mzee akainama juu ya mwanawe. Safari hii alisema kwa Kiswahili, polepole.

"Nilidhani unamdhihaki mama yako. Halafu nikasikia wanawake wakiimba vile katika kila maziko, na maziko ya kwanza tu nikajua kwamba ulikuwa unalia. Nilijua, Danieli. Nikakaa na hasira yangu kwa sababu nilikuwa nimeizoea. Leo naitoa. Moyo wangu upoe juu yako. Upumzike." Akapuliza, pfuu, kifuani. Dani hakupangusa.

Ikawa zamu ya Dani, maana naye alikuwa na yake, nani asingekuwa nayo. Alisema neno moja au mawili, sikuyasikia. Mkawasi akamtilia maji mdomoni. Akakusanya pumzi. Tukamwona anaikusanya. Haikutosha. Maji yalimtiririka tu kidevuni, yakashuka shingoni, na macho yake yakamtoka kwa hofu, kwa sababu lazima yapulizwe, na yeye hakuwa tena na cha kupulizia.

Hakuna aliyesogea. Mzee Yeremia alipiga magoti kwenye udongo na koti lake jeusi. Akayapangusa maji kwenye kidevu cha mwanawe kwa kiganja, akajipaka yeye mwenyewe usoni, kuanzia paji mpaka ndevuni.

"Imenifikia," akasema. "Imefika, mwanangu."

Kurudi

Hakufa siku ile. Alikunywa uji, akaomba kuongezewa, na babake akamlisha kwa mkono wake mwenyewe siku zote zilizobaki, ambazo hazikuwa nyingi. Aliondoka asubuhi ya ukungu, Mkawasi akimwimbia.

Kwenye maziko alikuja mwalimu wa shule kupiga kinanda, kile kile. Aliuanza wimbo kama ulivyoandikwa, mbiombio, kama watu wanawahi gari. Mzee Yeremia aliinua mkono.

"Polepole, mwalimu," akasema. "Kama alivyoupiga yeye."

Mwalimu akaanza upya. Wanawake wakampokea. Mimi nilikuwa nangoja ile sehemu, na walipoifikia wakaipita, wakaendelea, na ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia mwisho wake. Ni mfupi tu. Mzee aliimba mpaka neno la mwisho.

Siku ya kuondoka kwangu nikamuuliza kuhusu yule mzee wa kanisa aliyetoka na kofia yake. "Wazee wa kanisa wameniita," akasema. "Nitakwenda. Huenda wakaninyang'anya kitabu na kazi, na wana haki, mimi ndiye niliyewafundisha hivyo." Akanipa muwa wa safari. Nilimkumbatia, naye akavumilia.

Voi nililala tena kwa Bi Zuhura, nikalia mezani kwake mbele ya mbaazi mpaka naye akalia. Jioni vijana wakaja na magitaa. Mutua akanikumbuka.

"Na yule mzee wako mgonjwa? Alipona?"

"Amefika kwao," nikasema.

"Pole. Alikuwa anapenda ngita, yule. Niliona vidole zake. Alikuwa mpigaji?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na nafsi yangu yote inataka kulisema. "Alipokuwa mtoto alipiga kinanda kanisani," nikamjibu.

"Aa, kanisani," Mutua akasema kwa huruma. "Hiyo ni tofauti."

Akaendelea kupiga, bila heshima yoyote, anatafuna kitu, anaongea na wenzake, na kidole gumba kinatembea. Nikavuta debe tupu la Bi Zuhura, nikaliweka kati ya magoti, nikaingia pale ambapo huwa naingia. Nilimpa Dani nafasi yake ya kuchelewa, na kijana akachelewa pale pale.

Mutua aligeuka akanitazama, macho makubwa. "Wee mzee wa Mombasa! Umejulia wapi hii?"

"Hapahapa," nikamwambia. "Si ulisema ni ya hapa?"